Gari Lililonyimwa Moto

Baba yangu, Semana wa Kibabi, alifika umri wa miaka hamsini na mbili bila kumwomba mtu yeyote msamaha. Nasema hivi bila kutia chumvi, na mama yangu angekuwepo angesema makali zaidi. Baba akikosea, alikuwa anachukua fimbo yake na kwenda kutazama ng'ombe. Ukimwona anakwenda kutazama ng'ombe saa ya chakula, ujue kuna jambo ameharibu nyumbani. Ng'ombe wetu walitazamwa sana.

Alikuja Masisi, milimani huku Kongo, kwa miguu kabla ya ile vita kubwa ya wazungu, na ng'ombe wawili na ndama mmoja aliyembeba mabegani kwenye kila kijito. Mwaka 1956 alikuwa na ng'ombe zaidi ya thelathini, nyumba ya mabati, mke mmoja wa ndoa ya kanisa, na ugomvi mmoja mkubwa na dunia: maziwa yake yalikuwa yanaharibika njiani. Yalikamuliwa alfajiri, yakatiwa kwenye mabidoni, yale madebe yenye kifuniko, wanaume wakayateremsha kichwani mpaka Sake, kisha yakangoja lori la mtu mwingine liyafikishe Goma. Lori lilikuja lilipotaka. Siku nyingi yalifika yameanza kuganda, na wateja wakayakataa, na baba akalazimika kuyamwaga.

Kwa mtu wa ng'ombe, kumwaga maziwa ni aibu. Afadhali mwizi aje ayachukue, maana huyo angalau atakunywa. Niliwahi kumwona baba amesimama nyuma ya soko la Goma, bidoni imeinamishwa, uso ameugeuzia ukutani. Alimwaga bila kutazama. Nadhani ni siku ile aliamua kununua gari.

Alilinunua kwa mfanyabiashara aliyeleta magari makuukuu kutoka Kampala. Lilikuwa kamioneti, yaani lori dogo, la kijani, usukani upande wa kulia kama Waingereza wanavyopenda, na mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Kwa gari lile baba alitoa ng'ombe tisa. Wanane sitawataja. Wa tisa alikuwa Gaju, mzao wa ng'ombe ambaye babu yangu, baba yake mama, alimrudisha kwetu baada ya harusi, kama desturi yetu inavyotaka: mkwe akishaleta ng'ombe wa mahari, naye siku moja huletewa ng'ombe, ili pande zote mbili zinywe. Gaju alikuwa ng'ombe wa mama. Baba alimtoa bila kumwuliza, kisha akaenda kuwatazama waliobaki.

Mama yangu Vénantie hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Gari lilipofika Kibabi watu walijaa barabarani wakishangilia, wanakwaya wa misioni wakaimba, nasi sote tukageuka kutazama lango la boma. Maana kwetu ng'ombe mgeni akiletwa nyumbani, mke wa nyumba huwasha moto wa moshi langoni, kwa majani makavu na samadi. Ng'ombe hupita kando ya ule moshi, na kuanzia hapo ni wa nyumba ile, ana jina, hafukuzwi. Baba alikuwa amelisimamisha gari pale langoni, amevaa kofia yake ya Jumapili. Alikuwa anangoja.

Mama akatoka ndani, mikono mitupu.

"Papa Kamaliza," akasema, akimwita kwa jina langu, mbele ya watu wote, "hii kitu iko na karatasi ya siku ngapi?"

"Siku makumi tatu," baba akajibu.

"Na kama hawaipatie plaque mu zile siku?"

"Inarudi kwa wenyewe."

"Basi miye siwashie moto kitu yenye inaweza kurudi kwa wenyewe. Gaju haikukuwa ya kurudi." Akaingia ndani.

Ilikuwa kweli, ile ya siku thelathini. Mpakani Bunagana walikuwa wamempa baba karatasi ya muda. Ndani ya siku thelathini gari lilipaswa kupimwa Goma, lionekane linafaa barabarani, kisha liandikishwe na kupewa plaque, yaani kibao chake cha namba. Zikipita bila plaque, gari linarudishwa ng'ambo, na ng'ombe waliokwisha kuvuka hawarudi. Mama hakuishia hapo. Jioni ile aliniambia, na najua aliniambia mimi ili baba asikie kupitia ukuta wa matete, kwamba gari likirudi Kampala, yeye naye atarudi kwa kaka yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu wa darasa la kwanza kwenye shule ya misioni, nimekuja nyumbani likizo kubwa. Nililala nikiwa na hofu, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kutishia.

Dereva alikuwa Émile, mtu wa Buleusa, kule msituni Walikale. Alikuwa ameendesha malori ya machimbo miaka kumi na moja, kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha ni mto. Alikuwa mfupi, mkimya, anakula nyama ya mwituni kwa furaha, na maziwa hakuyagusa kabisa. Alisema yanamfanya aote ndoto za ndama. Baba alimheshimu kwa sababu ya ujuzi wake na kumsikitikia kwa sababu ya tumbo lake. Walitaniana mchana kutwa, mmoja akidai kwamba watu wa maziwa wanaongea na ng'ombe, mwingine akijibu kwamba watu wa msitu wanaongea na majani.

Siku ya tisa tuliteremka Goma. Nilikwenda nao kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua Kifaransa. Mzungu aliyepima magari, watu walimwita Bwana Chaki. Alikuwa anachora mstari wa chokaa uani kwake, gari linakuja mbio, na kwenye mstari linatakiwa kusimama. Yeye mwenyewe hupanda humo. Kwa kuwa gari letu lilikuwa la Kiingereza, alijikuta amekaa upande wa kushoto, pale alipozoea kushika usukani, na hapakuwa na kitu mbele yake. Nilimwona kupitia kioo cha mbele, miguu yake ikikanyaga breki ambazo hazikuwepo.

Gari lilisimama kwenye mstari. Ila lilisimama likilia. Breki za gari lile zilikuwa na mlio ambao sijausikia tena maishani, mwembamba, mrefu, wa kuumiza meno. Njiani kutoka Kibabi ng'ombe wa watu walikuwa wametawanyika mara nne. Bwana Chaki alishika sikio lake la kuume, akaandika karatasi, akanipa mimi bila kumtazama baba.

Nikawasomea. Kwanza, kwa kuwa usukani uko kulia, kiongezwe kioo cha pembeni upande wa kushoto. Pili, taa ya nyuma haiwaki. Tatu, breki zina kelele, zitazamwe upya.

"Nilisema," baba akaguna. "Inalia. Kitu yenye inalia iko mugonjwa."

"Papa Semana, frein inalia juu tambour imezeeka," Émile akasema. Frein ni breki, na tambour ni lile bakuli la chuma linalozifunika ndani ya gurudumu. "Inalia, lakini inakamata. Mubaya ni ile yenye kunyamaza na haikamate. Tutaifungua, tutapangusa mavumbi, nitamufasiria Bwana."

Mimi nilidhani baba ameelewa.

Kioo kiliagizwa dukani Goma, nacho kilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Siku ya kumi na tano hakijafika. Siku ya ishirini hakijafika. Mama alikuwa anasuka mikeka, na kila jioni alipita langoni, pale moto ulipopaswa kuwashwa, akapafagia. Émile alifungua magurudumu mara mbili, akapangusa, akafunga, na kila mara breki zililia kama kawaida. Baba alichuchumaa karibu naye akitazama kila anachofanya. Alitazama jinsi Émile alivyopaka mafuta hapa, akatia mafuta pale, na kila palipopata mafuta pakanyamaza. Mlango ulikuwa unakwaruza, ukapakwa, ukanyamaza. Springi zilikuwa zinalalamika, zikapakwa, zikanyamaza. Breki peke yake Émile hakuipaka kitu.

Sitaki mtu amcheke baba yangu kabla hajafikiri. Maisha yake yote, dawa ya kitu kinacholia ilikuwa mafuta ya ng'ombe, ile siagi yetu inayotikiswa kwenye kibuyu na kutunzwa mpaka inanukia. Kamba ya ngozi ikikwaruza, mafuta ya ng'ombe. Mtoto akikohoa, mafuta ya ng'ombe kifuani. Bibi arusi akilia kwenda kwa watu, anapakwa mafuta ya ng'ombe. Hakukuwa na kitu kwetu ambacho kimewahi kuharibika kwa kupakwa mafuta ya ng'ombe. Mtu huyo amesikia kwa masikio yake, kwenye karatasi ya serikali, kwamba breki zina kelele. Angefikiri nini?

Kioo kilifika siku ya ishirini na nane. Siku ya ishirini na tisa tukateremka, tukalala kwa ndugu yetu Ndayambaje, na baba alikuwa amebeba chungu kidogo cha siagi cha kumwachia tukiondoka, maana huendi kwa ndugu mikono mitupu.

Asubuhi ya siku ya thelathini Émile akaona ile taa ya nyuma, aliyokwisha kuitengeneza, imezimika tena kwa mitikisiko ya njia. Akaenda madukani kutafuta nyingine. Hakuwa amefika kwenye kona, baba akavua koti.

"Mwalimu," akaniambia. Aliniita hivyo alipotaka nisibishane. "Leta ile chungu."

"Papa, Ndayambaje tumupe nini?"

"Tutamupa yenye itabakia. Weka mawe nyuma ya magurudumu."

Nikaweka mawe. Ndiyo, mimi, mwalimu wa shule, mwenye viatu na cheti chenye muhuri. Baba alilegeza magurudumu ya mbele kama alivyomwona Émile akifanya, akang'oa lile bakuli la chuma, na ndani yake tukaona vile vipande viwili vilivyopinda ambavyo ndivyo vinavyobana gurudumu. Vilikuwa vikavu, vimekwaruzika, vinasikitisha kweli. Hata mimi niliviona vina kiu. Nilishika chungu. Baba alichota kwa vidole viwili, akavipaka taratibu, kila upande, akisema maneno yale anayowaambia ng'ombe wanaokamuliwa mara ya kwanza, kwa Kinyarwanda, kwamba watulie, hakuna mtu wa kuwadhuru. Akafuta mikono, akafunga kila kitu. Émile aliporudi na taa yake, sisi tulikuwa tumekaa kwenye kizingiti, wapole kabisa.

Kutoka kwa Ndayambaje mpaka kwa Bwana Chaki si mbali, na njia ni tambarare. Émile alikanyaga breki mara moja, pale kwenye kona ya soko, na gari likapunguza mwendo kimya kimya kama linawaza jambo jingine.

"Leo frein iko laini," akasema polepole.

Baba akakohoa, akaanza kusifu hali ya hewa.

Mambo yaliyofuata yalikwenda upesi. Bwana Chaki akakikagua kioo, akakubali. Akaona taa inawaka, akakubali. Akapanda upande wake wa kushoto usio na usukani. Émile akarudi mpaka mwisho wa ua, akaja mbio, na sisi tumesimama kando ya mstari wa chokaa, baba na mimi, na baba amenishika mkono, kitu ambacho hakukifanya tangu nikiwa na miaka sita.

Gari lilifika kwenye mstari likiwa kimya. Lilipita mstari likiwa kimya. Nilimwona Bwana Chaki anakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, na Émile amevuta breki ya mkono mpaka amelala nyuma, na gari likaendelea hatua ishirini zaidi, likaingia na pua yake kwenye rundo la kokoto nyeusi waliloandaa kwa barabara. Hapo likasimama. Hakuna aliyeumia. Ila uani mle kukaenea harufu ya siagi iliyoungua, harufu nzuri ya jikoni siku ya sikukuu, na makarani wakatoa vichwa madirishani kutafuta nani anapika.

Bwana Chaki alishuka mweupe kuliko alivyopanda. Hakutuuliza sisi kitu. Alimtazama Émile, akanyoosha mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kazi:

"Lete permis."

Émile akampa kile kijitabu chake cha kuendesha gari. Bwana Chaki akakitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akasema kwa Kifaransa kwamba mtu aliyekuja hapa siku ya tisa na breki nzima na siku ya thelathini na breki mbovu, ameziharibu mwenyewe, au kwa ujinga au kwa makusudi, na mtu wa namna hiyo hataendesha tena Kongo. Nilitafsiri nusu yake. Nusu nyingine Émile aliielewa bila mimi. Hakujitetea. Alitazama magurudumu, akavuta ile harufu puani, akamtazama baba. Alikuwa ameshajua.

Hapo nilimwogopea baba. Nilijua anachofikiri, maana hata mimi nilikifikiri, na naona haya kukiandika: tukinyamaza, pengine watasema dereva mbaya, gari zuri, watatupa siku nyingine mbili na dereva mwingine. Tukisema, gari ni letu na ujinga ni wetu, na leo ni siku ya thelathini. Nyumbani kulikuwa na mama na lango lililofagiwa. Macho ya baba yalianza kutafuta. Yalikwenda kwenye ukuta, yakaenda kwenye milima, na nikaelewa kwamba anatafuta ng'ombe wa kwenda kuwatazama. Goma yote ile, ua ule wote wa mawe meusi, hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Akavua kofia.

"Bwana," akasema, "huyu muntu hana kosa. Iko miye. Nilipaka mafuta ya ngombe mu frein."

Bwana Chaki akanigeukia. Nikamwambia kwa Kifaransa: siagi.

"Siagi?"

"Ndiyo, Bwana. Siagi."

"Ya kula?"

"Ya kula, Bwana," nikajibu.

"Ile ilikuwa inalia," baba akaendelea, "karatasi yenu ilisema iko na makelele. Kwetu kitu ikilia tunaipaka. Émile hakukuwapo. Angekuwapo angenikataza, na njo maana nilingoja atoke. Murudishie karatasi yake. Gari mufanye yenye munataka."

Makarani walicheka. Walicheka wakashika madirisha. Karani mmoja alirudia neno "siagi" kwa mwenzake wa ofisi ya pili, na ofisi ya pili ikacheka. Baba alisimama katikati ya kicheko kile, kofia mkononi, kidole kimoja bado kinang'aa mafuta, na hakuondoka. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda dakika ile, na wale makarani, Mungu anisamehe, niliwatamkia moyoni maneno ambayo mwalimu wa misioni hapaswi kuyajua.

Émile hakucheka. Bwana Chaki naye hakucheka, ingawa masharubu yake yalifanya kazi kubwa kuyazuia meno. Alifungua kifungo, akatoa kile kijitabu, akamrudishia Émile. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa tano kasoro. Akasema ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Gari likisimama kwenye mstari kabla ya hapo, litapata plaque yake. Likishindwa, litabaki pale pale mpaka lirudishwe Bunagana.

Émile akakunja mikono ya shati. Akang'oa magurudumu, akaosha vile vipande kwa petroli, akaviwasha moto mpaka siagi ikatoka inatokota, akaviosha tena. Lakini juu vilibaki vinateleza. Alitaka msasa wa kuvikwaruza, na msasa hakuwa nao. Akainama, akaokota jiwe. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya mlima wa moto, meusi, mepesi, yenye matundu, ambayo wanawake wanasugulia visigino. Akajaribu kusugua kwa jiwe lile, na unga mweusi wenye mafuta ukaanza kutoka.

"Papa Semana," akasema bila kuinua kichwa, "miye siko ngombe yako. Ungeniuliza."

Baba akapiga magoti kwenye kokoto na suruali yake ya Jumapili. Akaokota jiwe lake.

"Njo vile," akasema. Kisha akaanza kusugua, nami nikafikiri yameisha. "Unisamehe, Émile."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia neno lile kutoka kinywani mwake. Niliokota jiwe na mimi, ili wasinione natoa machozi. Tukasugua watu watatu, jiwe likiisha tunachukua jingine. Saa saba ikapita. Mikono ya baba, iliyozoea chuchu za ng'ombe, ilichubuka vidoleni ikatoa damu, na Émile alipomwambia apumzike alikataa. Saa nane na nusu Émile alilamba kipande kimoja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema hakuna tena maziwa humu, anajua, maana tumbo lake lingemwambia.

Saa tisa Bwana Chaki akapanda. Safari hii alishika mlango kwa mikono miwili. Émile akarudi nyuma mpaka ukutani, akaja mbio kuliko asubuhi, akakanyaga.

Likalia! Lililia mlio ule ule mwembamba, mrefu, wa kuumiza meno, mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la ofisi, na matairi ya mbele yakasimama juu ya chokaa. Baba alicheka kwa sauti kama mtoto. Bwana Chaki alishuka ameziba masikio, akaenda mezani kwake, akagonga muhuri. Kwenye nafasi ya breki aliandika kwamba zina kelele, na zinafaa.

Baba hakukubali plaque ifungwe Goma. Aliifunga kwenye koti lake, akaipakata magotini kutoka Goma mpaka Sake, na kutoka Sake tukaanza kupanda. Hofu ilikuwa imehamia mahali pengine: plaque tunayo, lakini Gaju hatunaye, na gari kupata namba hakumrudishi ng'ombe wa mtu. Nilijua anapanga maneno ya kumwambia mama, na kwamba ameyapanga na kuyapangua kila kilima.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika kwenye ule mgongo wa kilima ambapo Kibabi huonekana kwa mbele, ng'ambo ya bonde. Émile ndiye aliyeona kwanza.

"Kuko moto kwenu," akasema.

Moshi ulikuwa unapanda kutoka langoni, mweupe, mzito, ule wa majani makavu na samadi. Si moshi wa jikoni. Baba aliinuka kwenye kiti akagonga kichwa. Gari lilikuwa mbali bado, hata breki zetu zisingeweza kusikika kule. Hakuna mtu aliyekuwa ametutangulia, hakuna aliyejua habari.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya moto, macho mekundu kwa moshi. Émile akakanyaga, gari likalia, ndama wakakimbia. Baba akateremka na ile plaque ndani ya koti lililochafuka, na mikono yake imefungwa vitambaa vya shati la Émile. Yale maneno aliyoyapanga njia nzima sijui yalikwenda wapi.

"Mama Kamaliza," akasema, "unisamehe juu ya Gaju."

Mama alimtazama usoni, akatazama vile vitambaa, akachochea moto kwa kijiti.

"Nani amekuambia tumepata?" baba akamwuliza.

"Hakuna. Niliwasha tangu mchana." Akainuka, akachukua lile koti kutoka mikononi mwake bila hata kutazama kilichomo. "Ulikuwa unarudi, na gari ao bila gari. Ningekuacha uingie bila moto?"

Kisha akampungia Émile mkono apite, na gari likapita kando ya moshi, polepole, likilia.